Magofu ya kijijini kwetu: barua nne, ukuta nilioubomoa mwenyewe na namba ya jalada

Mleta uzi kauliza hivi: kijijini kwao Pwani kuna gofu la msikiti wa kale na makaburi ya mawe, watu wanabeba mawe kwenda kujengea misingi, amepiga simu wilayani mara tatu akajibiwa "tumelipokea", kisha kimya. Afanyeje? Wachangiaji wengi hapo juu wamemshauri arekodi video airushe mitandaoni, serikali itaamka yenyewe.

Mkuu, mimi nakuomba usirushe video, angalau si sasa. Sisi kijana mmoja alirusha. Haikupita wiki mbili tukakuta mashimo manne katikati ya makaburi, moja linanifika kiunoni. Unajua hadithi za rupia, zile sarafu ambazo Mjerumani anadaiwa kuzifukia, zinavyotembea huku kwetu. Mtu akiona kaburi lenye mnara, haoni mnara, anaona alama ya mahali pa kuchimba. Kwa hiyo hatua yetu ya kwanza ya kuyalinda magofu ilikuwa kuwaelekeza wachimba hazina yalipo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kijiji sikitaji, wahusika bado tunasalimiana. Nyuma ya minazi kuna msikiti mdogo wa mawe ya matumbawe na chokaa, paa halipo, kibla imesimama. Pembeni kuna makaburi kama kumi na tano, na moja lina mnara wa kimo cha watu wawili. Kwenye mnara kuna vishimo vya duara ambamo zamani walipachika mabakuli ya Kichina. Aliyefika kwenye magofu ya Kunduchi, Kaole au Tongoni ananielewa. Nilipohamia pale lilikuwa limebaki bakuli moja, tena nusu, la rangi ya kijani iliyopauka. Sasa hivi hata hiyo nusu haipo.

Nilichoka siku nilipokuta tanuri la chokaa. Magogo ya minazi yamepangwa duara, juu yake rundo la mawe, tayari kuwashwa. Nikapanda kuangalia. Jiwe moja lilikuwa na ukingo uliochongwa, mstari mwembamba uliopinda, ule ule ulioko kwenye kibla. Mwenye tanuri alikuwa baba wa mwanafunzi wangu. Nikafoka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, baharini tumekatazwa kuchimba matumbawe. Haya yamekaa tu. Sasa nichome yapi?" Sikuwa na jibu, na nikiwa mkweli mpaka leo sina jibu zuri.

Nikaanza barua. Ya kwanza ilikuwa ya kurasa tatu. Nilimtaja Ibn Battuta, yule msafiri wa kale, na safari yake ya Kilwa mwaka 1331, nikazungumzia urithi wa vizazi vijavyo, nikamaliza kwa kuiomba serikali iliangalie suala hili kwa jicho la pekee. Nilijisifu sana kwa ile barua. Haikujibiwa. Ya pili niliandika kwa hasira, ya tatu kwa hasira zaidi. Nilipokwenda ofisi moja kufuatilia, mama wa masijala, yaani chumba cha majalada, akapekua, akaikuta ya tatu chini ya trei, akaisoma mbele yangu huku ameshusha miwani. "Mwalimu, umeandika vizuri. Lakini hii niiweke jalada gani? Umesema serikali iangalie. Nani aangalie, aangalie nini, kiko wapi?"

Nilikasirika njiani kote. Nilipofika nyumbani nikaona yule mama amenipa somo ambalo mtu mwingine angenitoza hela. Ofisi haifanyi kazi kwa uchungu wa mtu, inafanya kazi kwa jalada. Simu haina jalada. Barua ya manung'uniko inatupwa kwenye jalada la "mengineyo", na huko hakuna anayefufuka.

Barua ya nne ilikuwa ukurasa mmoja. Nakueleza ilivyokuwa maana ndiyo iliyotembea. Kwenye "YAH", mstari wa kichwa cha barua, niliandika taarifa ya kuharibiwa kwa jengo na makaburi ya kale, nikataja Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo sasa ni Sura ya 333. Isome mwenyewe, haichoshi. Utakuta jengo, ngome au kaburi lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linaingia kwenye tafsiri ya sheria kwa umri wake tu, hata kama hakuna kibao wala mlinzi. Milango ya kuchonga ya kabla ya 1940 nayo imetajwa. Hii ni ya Bara. Kama uko Zanzibar, wana sheria yao. Tofauti unaiona? Huombi tena hisani. Unatoa taarifa kwamba kitu ambacho sheria inakitambua kinaharibiwa, mahali fulani, na tarehe fulani ulikiona hivi.

Hapo kwenye "mahali fulani" ndipo nilipotumia siku tatu. Nilipima kwa hatua kuanzia mbuyu mkubwa, nikachora ramani kwenye karatasi ya hesabu, nikaandika namba za GPS kutoka kwenye simu. Kila kaburi nililipa namba. Nilipiga picha nikiwa nimeweka rula ya darasani kando ya kila kilichovunjika, na tarehe nyuma ya kila picha. Usiokote vigae, mkuu, hata kimoja, hata kama unataka kuwaonyesha wakubwa. Kigae kikitoka kilipolala kinakuwa takataka nzuri tu. Na kuchimba bila kibali ni kosa, hata kama nia yako ni ya malaika.

Kabla ya kuipeleka, nilipita kwa mwenyekiti, suala likaingia kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Hili usiliruke. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ile inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na bila muhtasari wenye mhuri wa kijiji wewe ni mwalimu mgeni mwenye kihoro cha mawe. Nilidhani wazee wangenishangilia. Hawakunishangilia. Kina mama wanakwenda kwenye yale makaburi kufukiza ubani na kufunga vitambaa, na mzee mmoja akasimama na fimbo yake akauliza: "Mkishaileta hiyo serikali, tutakata tiketi kwenda kumzuru babu yetu?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. Nami naona alikuwa na haki. Ikaandikwa kwenye muhtasari kama sharti: ziara na dua zisizuiwe. Sharti lile ndilo lililopitisha mengine yote.

Nilipeleka kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata na idara ya mambo ya kale kule wizara ya maliasili na utalii. Nakala yangu ikagongwa "IMEPOKELEWA". Mama wa masijala akaiandika namba ya jalada kwa kalamu nyekundu, akanirudishia akitabasamu. Kuanzia siku ile sikuuliza tena "suala letu limefikia wapi". Nilikuwa nataja namba, na mtu alilazimika kunyanyuka. Pale kimya kilipozidi niliomba taarifa kwa maandishi nikitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayowapa siku 30 za kujibu. Jibu lilikuja.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Wakati tunasubiri, niliona mtini umeota juu ya ukuta wa kaskazini, mizizi imeshuka kama kamba hadi chini. Nikakusanya vijana wa darasa la saba waliomaliza mtihani, tukaukata, tukaona haitoshi, tukafunga kamba kwenye mzizi mnene tukavuta. Ukatoka. Ulitoka na mawe yake. Kwanza tulisikia kama mtu anakohoa, halafu karibu mita mbili za ukuta zikalala chini mbele yetu, vumbi jeupe likatufunika. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Wachoma chokaa kwa miaka yote sijui kama walikuwa wameangusha kiasi kile kwa siku moja.

Kwa kuogopa, nikataka kuurudishia kwa saruji kabla mtaalamu hajafika. Bahati yangu mfuko mmoja tu ulitumika. Mtaalamu alipokuja, bwana mpole sana, alipapasa ile sehemu ya saruji akanyamaza. Kisha akatueleza. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, unanyonya unyevu na kuutoa. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, inauzuia unyevu usitoke, chumvi inajikusanya ndani, na mwisho jiwe linamung'unyika huku saruji imesimama peke yake kama ganda la yai. Ukarabati ni kwa chokaa. Na mtini haung'olewi: unakata shina karibu na ukuta na kuuacha mzizi ufe mahali pake, kwa sababu kwa wakati huo mzizi ndio unaoshika mawe. Likichipua, unarudia kukata.

Nilichopata baada ya miaka sita, nakwambia bila kukuza: kibao kimoja, mpaka uliopandwa minyaa, sheria ndogo ya kijiji, na kiwanja kimoja kilichokuwa kimegawiwa mtu ndani ya eneo kikahamishwa. Mlinzi hakuna. Kama unaona ni kidogo, kumbuka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakaangukia orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kutolewa huko kulichukua miaka kumi, pamoja na jina lote lile. Mwenye tanuri ameacha kuchukua mawe pale. Anakochukulia sasa sijamuuliza.

Kuhusu waandishi wa habari, waite ukishakuwa na namba ya jalada na mpaka umepandwa, na usiwape mahali penyewe kwa undani.

Jana jioni nilipita pale. Mtini umeanza kuchipua tena upande wa kibla, majani matatu, kimo cha kiganja. Jumamosi nakwenda na panga, peke yangu, bila kamba.