Kivimbe cha Maji Ndani ya Mdomo, na kwa Nini Hakiponi kwa Kutumbuliwa

Kivimbe laini kinachotokea upande wa ndani wa mdomo wa chini, kisichouma na chenye rangi ya samawati iliyofifia, mara nyingi si jipu wala si saratani, na wala hakina usaha ndani yake. Ni mate. Niliishi nacho kwa miezi kadhaa, hatimaye nikafanyiwa upasuaji mdogo, na kwa kuwa tangu hapo majirani wa hapa Wete, Pemba, na hata jamaa walioko Unguja huniuliza kuhusu vivimbe vyao, nimeona niyaandike kwa utaratibu yale niliyoyajua. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani, si tabibu. Ya kitabibu yaliyomo humu nimeyapata kwa daktari wa meno aliyenitibu na kwa kusoma.

Wengi wetu hudhani kwamba mate hutoka chini ya ulimi na mashavuni tu. Tezi kubwa za mate ziko huko, ni kweli, lakini pamoja nazo zipo tezi ndogo ndogo, baina ya 600 na 1,000, zilizotawanyika ndani ya midomo, mashavuni na kwenye kaakaa. Simama mbele ya kioo, pindua mdomo wa chini, ukaushe kwa kitambaa safi, kisha usubiri kidogo bila ya kuurudisha: utaona vitone vya mate vikichomoza kimoja kimoja juu ya ngozi ile laini. Kila kitone kimetoka kwenye tundu la mrija wa tezi.

Mrija huo ni mwembamba na uko juu juu, kwa hiyo meno yakiung'ata hukatika. Tezi haina habari kwamba njia imekatika. Huendelea kutengeneza ute, na ute huo, ukikosa pa kutokea, humwagikia ndani ya nyama ya mdomo na kujikusanya hapo. Hicho ndicho kivimbe, na madaktari hukiita mukosili. Huwapata zaidi watoto na vijana, ingawa wazee hawakuepushwa, na sababu zake ni za kila siku: kujing'ata wakati wa kula, kuanguka, mazoea ya kunyonya au kutafuna mdomo, au jino lenye ncha kali. Kwangu lilikuwa jino la chonge la juu, lililomeguka na kuacha ukingo wenye makali.

Nilikibaini nikiwa kazini. Herufi ya Kiarabu ya fa hutamkwa kwa ncha za meno ya mbele ya juu kugusa upande wa ndani wa mdomo wa chini, na kivimbe changu, chenye upana wa karibu sentimita moja, kilikuwa kimekaa kando tu ya mahali hapo. Meno yalikuwa hayatui sawa. Upepo ukipenya pembeni. Mwanafunzi mmoja mkubwa alingoja wenzake watoke ndipo akaniuliza kwa adabu, "Maalim, mbona fa yako siku hizi inavuja?" Kwa mtu ambaye kutwa nzima anasahihisha makhraji ya wengine, yaani mahali herufi zinapotokea kinywani, hilo lilitosha kumpeleka hospitali.

Jambo linalowachanganya watu kuliko yote ni kwamba kivimbe hiki hupasuka chenyewe. Unakula, jino linakigusa, ute mzito unaonata unatoka, na mdomo unarudi kuwa sawa kana kwamba hapakuwa na kitu. Baada ya siku au wiki kadhaa kidonda cha juu kimefunga, tezi haijaacha kazi yake, na kivimbe kinajaa upya. Kupungua huku kwa muda ndiko kulikozipa sifa tiba nyingi zisizo na kazi, kwa sababu chochote ulichopaka wiki ile kitaonekana kuwa ndicho kilichokuponya. Kwetu Pemba kinachotangulia kutajwa ni mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Nayaheshimu sana mafuta hayo kwa jino linalouma, kwani yana yujenoli, ambayo hutia ganzi; lakini yakipakwa makali bila ya kuzimuliwa huunguza ngozi ya ndani ya mdomo, na kivimbe ambacho hakikuwa kikiuma huanza kuuma. Sindano ya kushonea na wembe ni vibaya zaidi, maana huingiza vijidudu, na ngozi inayotobolewa mara kwa mara huwa nene na nyeupe hata daktari akapata tabu kujua anaangalia nini.

Kivimbe kidogo kilichotokea karibuni, hasa kwa mtoto, kinaweza kuachwa kwa wiki kadhaa, kwani baadhi yake hutoweka moja kwa moja. Kinachojirudia, kinachokua, au kinachozuia kula na kusema, kipelekwe kwa daktari wa kinywa na meno.

Lakini si kila uvimbe wa mdomo ungojewe. Mukosili ni nadra kwenye mdomo wa juu. Uvimbe mgumu ulioko huko unaweza kuwa ni uvimbe wa tezi yenyewe, na huo ni lazima upimwe. Vivyo hivyo uvimbe wowote mgumu usiosogea, unaotoa damu, unaotia ganzi mdomo, au wenye kidonda kilichopita wiki mbili bila ya kupona. Walaji wa tambuu na wanaoweka mdomoni ugoro au kuberi, ile tumbaku ya pakiti, nawasisitizia zaidi, kwa kuwa wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani umekwisha kuiweka tumbaku ya kutafuna, na popoo pia, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Nilipomwomba daktari akitoboe tu, alicheka: "Maalim, nikikitoboa utafurahi wiki hii, kisha tutaonana tena." Tiba yenyewe ni kukitoa kivimbe pamoja na tezi iliyokilisha na tezi ndogo za jirani ambazo huenda zimeguswa na kisu. Kabla ya hapo mweleze daktari kama una kisukari, una mimba, una mzio wa dawa, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Sindano ya ganzi ndiyo pekee iliyoniuma. Mdomo ulipindwa na kubanwa ili damu isitoke nyingi, ngozi ikapasuliwa kwa ndani, kwa hiyo nje halikubaki kovu, na nikaonyeshwa zile tezi kwenye kipande cha shashi: vipande vidogo vya manjano hafifu, mithili ya punje za mtama. Nikashonwa nyuzi chache. Penye vifaa, baadhi ya madaktari hutumia mwanga wa leza au baridi kali badala ya kisu.

Saa mbili tatu za mwanzo, kabla ganzi haijatoka, ndizo za kuangaliwa sana, kwani mtu anaweza kuutafuna mdomo wake asijue. Kwa mtoto akae mtu mzima ubavuni pake, na asipewe chakula mpaka mdomo urudi kuhisi. Uvimbe wa siku chache ni wa kawaida, na mimi nilitosheka na parasetamo. Kuanzia siku ya pili nilisukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Uji uliopoa ulinitosha. Urojo, pilipili na ndimu niliviacha mpaka nyuzi zilipotolewa baada ya kama wiki moja, na siku hiyo hiyo daktari aliusawazisha ukingo wa lile jino, kwani lingeachwa lingekata mirija mingine.

Uliza kama kilichotolewa kitapelekwa maabara, na ufuatilie majibu hata kama daktari ana hakika na alichokiona. Sehemu ndogo ya mdomo inaweza kubaki na ganzi kwa wiki kadhaa, na aghlabu hisia hurudi. Kivimbe kikijitokeza tena mahali pale pale, huenda kuna tezi iliyobaki au mrija mwingine uliokatika wakati wa kushona. Rudi kwa daktari yule yule, kwa sababu yeye ndiye anayejua alipokata na alichoacha.