Kwa nini mapu za Doom haziishi

Kaka umeuliza kwa nini watu bado wanachora mapu za Doom wakati gemu lenyewe, la kupiga risasi, ni la 1993. Sababu kubwa ni faili la WAD, id Software, waliotengeneza gemu, waliweka mapu, picha na sauti zote humo, mbali na programu yenyewe, kwa hiyo unaongeza lako bila kugusa la kwao, na 1994 tu mashabiki walishakuwa na edita ya kuchorea mapu, DEU. Ila zamani ilikuwa kazi kwelikweli, ukichora ukumbi mkubwa wenye ngazi na sakafu za vimo tofauti, vipande vya sakafu na dari vinavyoonekana kwa mpigo vikizidi 128 gemu linazima palepale. Mwisho wa 1997 id wakaachia sosi kodi, yaani maandishi ya programu yenyewe, 1998 mashabiki wakatoa Boom, toleo lao la programu hiyo, wakaondoa mipaka kibao kama huo wa 128, hapo ndo mambo yakafunguka. 2023 ikatoka mapu ya MyHouse, nyumba ya kawaida kabisa inayokubadilikia ukiwa ndani, kwangu ni moja ya kazi bora tangu gemu lianze. Anza nayo, ila chukua faili la pk3 uchezee kwenye GZDoom, programu ya mashabiki ya kuchezea Doom, lile la wad ni nyumba ya kawaida tu, haibadiliki.