Mbona Umeligeuzia Jukwaa Mgongo?

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa baba yako, ambaye mguu wake sasa una nafuu. Ama baada ya salamu, nimeziona zile picha ulizozihamishia kwenye kompyuta, na swali lako nimelisoma. Unasema: mama, ulikuwa London mwaka 1977, ukiingia klabu ya Roxy wakati muziki wa panki umepamba moto, mbona mikanda yako ya picha imejaa watu wa kwenye ngazi na chooni, na waimbaji wenyewe ni wa kutafuta kwa tochi?

Sababu moja ni giza. Roxy ilikuwa Neal Street, Covent Garden. Soko la matunda na mboga lilikwisha kuhamishiwa Nine Elms tangu 1974, mtaa umebaki na maghala matupu. Baa ilikuwa juu, jukwaa chini ya ardhi. Nilitumia HP5, filamu iliyotoka mwaka mmoja nyuma. Imetengenezwa kwa kipimo cha mwanga cha 400, mimi naipiga kama ni 1600, halafu wakati wa kuisafisha naizidishia muda kwenye dawa. Ndiyo maana unaona chengachenga zile. Hata hivyo, lenzi imefunguliwa yote na bado shata, kile kilango cha kuingiza mwanga, lazima ishuke hadi 1/30 ya sekunde, na mwimbaji wa panki hatulii hata nukta moja. Ukisafisha unakuta wingu jeupe lenye gitaa.

Utasema, si ungewasha flashi? Flashi ukiiwasha kutoka nyuma inaangaza visogo vya waliokutangulia, jukwaa linabaki jeusi vilevile. Basi usogee mbele. Na mbele, mwanangu, kulikuwa na kurukaruka, viwiko, na mate. Sijui nani alianzisha balaa lile la kuwatemea mate wapigaji kuonyesha umewapenda, lakini nusu yake ilikuwa ikimwangukia mpiga picha. Nilifunika lenzi kwa kioo cha bei rahisi na mfukoni nilikuwa na kipande cha kanga cha kukifutia. Mate yakikauka kwenye kioo yanaacha duara, na kila taa unayoipiga inaota ndevu. Itazame tena ile ya mpiga besi uliyodhani mkanda umeharibika.

Hayo ya giza ni kweli, ila hayatoshi. Angalia mkanda wa Victoria Park, tarehe 30 Aprili 1978, siku ya maandamano na tamasha la Rock Against Racism, yaani roki dhidi ya ubaguzi wa rangi. Ni mchana kweupe, filamu kwenye 400 yake, kila unywele unahesabika. Jukwaani zipo bendi za The Clash, X-Ray Spex, Steel Pulse. Mama yako yuko wapi? Ameligeuzia jukwaa mgongo, anapiga picha watu.

Sababu yenyewe ni hii: pale Roxy aliyekuwa chini ya jukwaa leo, kesho yuko juu yake. Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex, alikwenda mji wa Hastings Julai 1976, siku anatimiza miaka 19, akaitazama bendi ya panki ya Sex Pistols kama mtazamaji yeyote. Mwaka uliofuata yeye na X-Ray Spex yake wako Roxy, wanarekodiwa kwenye santuri. Baba yake Msomali, mama yake Mzungu, meno yana vyuma, naye anapaza sauti hadi mishipa ya shingo inamsimama. Mimi mtoto wa Unguja, niliyekuwa naulizwa kwenye basi nitarudi kwetu lini, nilimtazama yule nikajinyoosha mgongo. Picha yake ipo moja tu: kiwiko cha mtu kimemkata kidevu, na vyuma vya meno vimenasa flashi. Hiyo siiuzi.

Sasa ningemtambuaje Poly wa kesho? Ilibidi niwapige wote. Na wote walipita kwenye ngazi. Bendi ikimaliza, Don Letts, mpiga santuri wa klabu, anaweka rege, maana santuri za panki zenyewe zilikuwa bado za kuhesabika, na watu wanapanda juu kufuata bia. Mimi nimeegemea ukuta karibu na balbu, lenzi nimeipimia hatua mbili, nasubiri. Pini za nepi shavuni, koti la babu lililochanwa likashonwa kwa waya, wanja umechuruzika kwa jasho. Wao wenyewe walisimama wakanitazama, maana kujipamba kule kulikuwa ni kwa kutazamwa.

Don Letts naye alikuwa na kamera yake ndogo ya sinema, Super 8, na filamu yake ilitoka 1978. Ukitaka jukwaa, litafute huko, amelipata vizuri kuliko mimi.

Jambo jingine. Usizilainishe chenga kwa hiyo programu yako, nyuso zinakuwa kama sabuni. Zile za ngazini onyesha upendavyo. Za chooni niachie kwanza, wale sasa ni bibi za watu, na wawili bado tunapigiana simu. Niwaulize.

Mama yako