Rezini ikikataa kushika, angalia kobalti kwanza

Baridi ya Julai ikiingia Nairobi, mafundi wenzangu wa faiba huniuliza swali lilelile: rezini imekataa kushika, yaani kuwa ngumu, niongeze dawa? Nawasihi wasikimbilie dawa. Anzeni na kobalti, kichapuzi kinachoiamsha dawa hiyo.

Rezini tunayopaka kwenye matangi na bodi za magari ni poliesta iliyoyeyushwa kwa stairini, kimiminika chenye harufu kali. Dawa yake ya kuigandisha, MEKP (methyl ethyl ketone peroxide), ni peroksaidi, na ikivunjika ndipo rezini inapoanza kufungamana. Kwenye baridi huvunjika polepole mno. Chumvi ya kobalti huipa elektroni na kuivunja, kisha peroksaidi nyingine huirudisha kobalti katika hali yake ya awali, nayo ikaendelea na kazi. Ndiyo maana tone dogo linatosha. Kwa kilo 1 ya rezini mimi huanza na gramu 2 za myeyusho wenye kobalti asilimia 6, na MEKP kati ya gramu 10 na 20. Ukitia MEKP na kukoroga utaona uwaridi wa kobalti ukigeuka kijani, halafu hudhurungi. Ukiona michirizi ya rangi mbili, bado hujakoroga vya kutosha.

Jua la Februari nalo huwashawishi watu kupunguza MEKP kupita kiasi. Msifanye hivyo. Chini ya gramu 10 kwa kilo, tangi litaonekana limeshika lakini litabaki laini, na harufu ya stairini haitaisha. Badala yake, punguza kobalti. Ila rezini nyingi huuzwa zikiwa zimeshatiwa kobalti kiwandani, kwa hiyo muulize muuzaji kabla ya kuongeza yoyote. Ya namna hiyo, ambayo huwezi kuipunguzia kobalti, ifanyie kazi asubuhi, na ukoroge kidogo kidogo, maana ikijaa ndooni hupata moto na kupasuka.

Sasa hili nalisema kwa uzito wote: kobalti na MEKP zisikutane zenyewe kamwe. Hulipuka na kuwaka moto. Tia kobalti kwenye rezini, koroga hadi ichanganyike kabisa, ndipo utie MEKP. Kila moja iwe na kipimo chake, na chupa zikae mbalimbali. Vaa miwani pia, kwa sababu MEKP ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Ikikurukia, osha kwa maji mengi dakika 15 au zaidi, kisha uende hospitali moja kwa moja.

Kabla ya kugusa kalibu, jaribu kwanza kwenye kikombe, palepale kazi itakapofanyika, si ofisini kwenye joto. Kikikawia kushika, ongeza kobalti kidogo kwenye kikombe kipya, upime tena.