Mashua ya babu, demani na safari ya Lamu: maswali yenu

Maswali ya mara hii karibu yote ni ya vyombo vikongwe. Nadhani ni msimu, watu washaanza kuutizama upepo.

Shikamoo fundi. Marehemu babu ameniachia mashua ya futi 28. Imelala chini ya mwembe miaka minne. Nataka niifufue niende nayo mpaka Lamu. Nianzie wapi? (Mjukuu, Wete)

Marahaba mjukuu. Anza kwa kuitoa chini ya huo mwembe. Watu hudhani bahari ndiyo inayoozesha chombo, kumbe maji ya chumvi huhifadhi mbao na maji ya mvua ndiyo yanayozila. Masika manne yameshaipitia hiyo mashua. Majani yameziba ngama, yaani tumbo la chini la chombo, maji yametuama humo, na mataruma, zile mbavu za ndani, yanayanywa polepole. Kwa hivyo rangi ya nje isikudanganye. Ng'oa sakafu, zoa majani, kisha ingia na nyundo ndogo na kisu chembamba. Gonga ubao: mzima hulia kwa sauti kavu, mbovu hujibu "bu" kama papai bivu. Penye "bu" chomeka kisu. Kikizama bila ya kukisukuma, hapo pana kuni, hapana ubao. Usisahau pale taruma linapokutana na mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, wala kule tezi, nyuma, kwenye pembe, ambako mkono haufiki vizuri. Ubovu hupenda kukaa mahali fundi mvivu hafiki.

Kisha inyanyue juu ya magogo, ufunge uzi chini ya mkuku kutoka omo, mbele, mpaka tezi, uuvute hasa. Ukiona katikati mkuku umeukimbia uzi kwa zaidi ya vidole viwili, niandikie tena kabla hujanunua hata msumari mmoja. Mbao na mataruma tunabadilisha kila siku hapa Nungwi. Mkuku uliopinda ni hesabu nyengine, na pengine chombo kipya kitakutoka rahisi zaidi.

Mbao gani nitumie? Msaji umenishinda bei. (Mkokotoni)

Si wewe peke yako. Kwa mataruma tafuta mtondoo, tena tawi lililojikunja lenyewe, si ubao ulionyooka ukakatwa kwa msumeno mpaka ukapata umbo. Nyuzi za mti zikifuata mkunjo, taruma halipasuki. Kwa ubavu, mfenesi unafaa. Mwembe ni rahisi na unapatikana, lakini kwa safari ndefu mie siutii chini ya maji.

Misumari ya dukani, ile ya kuezekea, haifai? (Kizimkazi)

Haifai. Nunua iliyochovywa zinki, utoboe kwanza kwa keke, na uzungushe uzi wa pamba uliolowa mafuta chini ya kichwa cha msumari kabla hujaupigilia. Mtepe, chombo cha wazee, haukuwa na msumari hata mmoja, ulishonwa kwa kamba ya kumbi, lakini sidhani kama unataka kwenda huko.

Mashua yangu imekauka mpaka kidole kinaingia baina ya mbao. Nijaze pamba nyingi kiasi gani? (Kojani)

Kidogo kuliko unavyofikiri, na si leo. Swali hili nalijibu kwa kovu langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilipewa mashua kavu kama yako, na mwenyewe alikuwa na haraka. Nikaipiga kalafati ya nguvu, pamba juu ya pamba, nyufa zote zikajaa, nikajiona fundi. Tukaishusha, ikawa haipitishi hata tone. Siku ya tatu tuko usawa wa Tumbatu, tukasikia mlio kama wa tawi kavu kukatika. Mbao zilikuwa zimekunywa maji zikavimba, pamba haikuwa na pa kwenda, na ubao mmoja ukang'oka kwenye taruma pamoja na misumari yake. Tulifua maji kwa ndoo mbili na sufuria ya wali mpaka pwani.

Basi fanya hivi. Itandaze magunia ubavuni, uyamwagie maji ya bahari asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Utaona nyufa zinajifunga zenyewe. Hapo ndipo usokote pamba juu ya paja, nyembamba kama utambi, uiloweshe mafuta ya nazi, uiingize kwa patasi butu. Piga mpaka mlio ubadilike, kisha acha. Baada ya hapo paka sifa, yaani mafuta ya papa, kwa ndani na juu ya mstari wa maji (nguo ulizovaa siku hiyo zitupe, hakuna sabuni itakayozisaidia), na chini deheni ya chokaa na shahamu, kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Ukishaishusha, ifunge nanga pale pale siku mbili tatu inywe maji yake. Itavuja. Iache ivuje, wewe fua tu.

Kwa nini nisiifunike yote kwa faiba nikapumzika? (Malindi, Unguja)

Kwa sababu mbao hutanuka na kusinyaa, na faiba haifanyi hivyo. Itabanduka penye maungio, maji yatapenya nyuma yake yasipate pa kutokea, na wewe huoni kitu kwa sababu nje kunang'aa. Ukitaka faiba, nunua boti ya faiba.

Lini ndio wakati mzuri wa kwenda Lamu kwa tanga? (Mjukuu yule yule wa Wete)

Una haraka, lakini swali ni zuri. Kwenda ni kwa kusi, upepo wa kusini, kurudi ni kwa kaskazi, upepo wa kaskazini. Hilo kila mtoto wa pwani analijua. Ila usitoke Juni wala Julai: kusi huwa limekaza, na mkondo wa pwani yetu, ambao huku kwetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, unaweza kufika maili nne kwa saa. Utafika upesi kuliko ulivyotaka, pengine na kuipita Lamu yenyewe. Ngoja demani, kusi linapolegea, Septemba hivi. Nasema demani ya msimu, si ile kamba ya tanga, ingawa nayo itizame kama imechakaa.

Kutoka Wete ni kama maili 180 za bahari. Ukipata maili tano kwa saa, ni saa 36 bila ya kusimama, lakini kwa chombo kilichotoka kufufuliwa simama njiani, ngama ikaguliwe. Pitia bandari yenye uhamiaji, Shimoni au Mombasa, na kabla hujatoka Pemba hakikisha chombo kimesajiliwa na karatasi zako zimegongwa muhuri. Maji ya kunywa chukua lita nne kwa kila mtu kwa siku, na uzidishe siku mbili. Jaketi za kuokolea moja kwa kila kichwa. Mlango wa Lamu ingia mchana, jua likiwa nyuma yako, uone miamba.

Kurudi subiri kaskazi itulie, mwishoni mwa Disemba au Januari, na uikaribie pwani, maana huko nje mkondo bado utakuwa unakupinga.

Lazima kusoma maulidi siku ya kushusha chombo? Gharama zimenizidi. (Nungwi)

Lazima si neno langu. Lakini chombo cha futi 30 hakishuki kwa watu sita, na mtu anayekuja kuvuta kamba asubuhi amekuja na njaa. Kwetu hapa sufuria kubwa ya uji wa pilipili manga, mikate na dua fupi vinatosha. Tizama mwezi ukaribie mpevu, bamvua likupandishie maji mpaka karibu na magogo, na waambie watu waje saa moja kabla maji hayajajaa. Uji uwe umeshaiva.