Tembe au mionzi? Tulivyoamua kwa Baba

Msomaji wa Umoja ameniandikia: mamake ana limfoma ya ubongo (saratani ya chembe nyeupe za damu), dawa ya kemo ya metotreksati imeshindwa, na sasa wamepewa njia mbili, tembe za ibrutinibu au mionzi ya kichwa kizima. "Ipi kali zaidi?" anauliza.

Dada, kwanza niambie mama ana miaka mingapi.

Baba, aliyekuwa na ugonjwa huu huu, alikuwa na miaka 67, mwalimu mstaafu wa hesabu. Ami zangu walitaka achomwe mionzi mara moja. Mionzi wanaijua, Hospitali ya Kenyatta ipo, na ni kweli kwamba hupunguza uvimbe upesi kwa wagonjwa wengi. Lakini mtu aliyepita miaka 60 akipigwa mionzi ubongo mzima, hatari ya kupoteza kumbukumbu, kuyumba miguu na kushindwa kuzuia mkojo ni kubwa. Hilo hakuna aliyetaka kulisikia. Niliitwa profesa wa Google kwenye kikao cha harambee, na mpaka leo kuna ami asiyepokea simu yangu. Sawa tu.

Nilishikilia tembe. Ibrutinibu huziba protini ya BTK ambayo seli nyingi za limfoma hii huitegemea, na hupenya hadi ubongoni. Bima ilikataa: Marekani iliiidhinisha mwaka 2013 kwa limfoma ya aina nyingine, si hii. (Japani iliidhinisha binamu yake, tirabrutinibu, kwa ugonjwa huu huu mwaka 2020. Niliwaambia. Hawakujibu.) Tukauza shamba la Kangundo.

Baba alirudi kusahihisha hesabu za wajukuu kwa kalamu nyekundu, akiwagombeza kwa majina yao yote. Baada ya miezi kadhaa ugonjwa ulizoea dawa, kama unavyofanya mara nyingi, na hapo ndipo akachomwa. Kwa hiyo msiniambie tembe "zilishindwa". Mionzi ilikuwa bado inatungoja.

Ndugu zangu, ukoo hautibu mtu kwa kura ya WhatsApp! Waketisheni daktari wa saratani na daktari wa mionzi pamoja, mgonjwa akiwepo, aseme mwenyewe anaogopa kupoteza nini. Kwa kijana, au uvimbe unaokua kwa kasi, jibu laweza kuwa tofauti na letu.

Mkichagua tembe, ulizeni kuhusu mapigo ya moyo kwenda mrama, na kuhusu maambukizi ya kuvu mapafuni, hasa akiwa bado anatumia steroidi, dawa za kupunguza kufura ubongoni. Na kama mama anameza aspirini au dawa ya kuzuia damu kuganda, daktari ajue kabla ya tembe ya kwanza, kwa sababu ibrutinibu huweza kuleta kuvuja damu.