Vikao 20 vya mionzi si nusu ya tiba

SWALI: Shikamoo daktari. Baba ana miaka 68. Amekutwa na saratani ambayo haijatoka nje ya tezi dume, PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) 11, Gleason (alama ya ukali wa saratani) 7 (3+4). Amepangiwa vikao 20 vya mionzi, ilhali jirani yetu alipigwa 39. Je, anapunguziwa dozi kwa sababu ya foleni? Kuna mtu pia anatuuzia unga wa mizizi, anasema utashusha PSA bila mionzi.

JIBU: Marahaba. Baba hapunguziwi kitu. Mnahesabu siku, wakati cha kuhesabu ni kinachoingia mwilini kila siku. Ratiba ya zamani ya vikao 39 hutoa grei 2 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa kikao, jumla 78. Ya vikao 20 hutoa grei 3, jumla 60. Lakini grei hazijumlishwi kama shilingi. Saratani ya tezi dume huumia zaidi dozi ya kikao kimoja inapokuwa kubwa, hivyo grei 60 zilizogawanywa tatu tatu huikata karibu sawa na grei 77 zilizogawanywa mbili mbili.

Hili limepimwa. Utafiti wa CHHiP wa Uingereza ulichapishwa 2016, ukiwa na wanaume zaidi ya 3,200. Baada ya miaka mitano, asilimia 90.6 ya waliopata grei 60 kwa vikao 20 hawakuwa na dalili ya ugonjwa kurudi. Waliopata 74 kwa vikao 37 walikuwa asilimia 88.3. Kundi la tatu lilipata 57 kwa vikao 19, likaishia 85.9, na haikuthibitika kuwa hiyo inatosha. Ni kikao kimoja tu pungufu! Kwa hiyo baba asiruke hata siku moja. Ikitokea dharura, awaambie wataalamu siku hiyohiyo wapange fidia.

Ipo hata ratiba ya vikao vitano vya grei 7.25, nayo hudhibiti saratani vizuri kwa wagonjwa waliochaguliwa, ingawa kero za mkojo huwa nyingi kidogo. Msiilazimishe mahali ambapo tezi haipigwi picha kabla ya kila kikao.

Kinachoharibu tiba ni maandalizi mabaya. Gesi au choo kikijaa kwenye puru husukuma tezi mbele milimita kadhaa, na mionzi inakosa shabaha. Kibofu kikiwa kitupu, utumbo hushuka kwenye njia ya mionzi. Apate choo kwanza, akojoe, kisha anywe maji kwa kiasi na muda uleule alioelekezwa siku ya kupigwa picha za mpango, kila siku bila kubadilisha.

Sasa huo unga. PSA kushuka si ushahidi kwamba saratani imekufa. Chochote chenye homoni za kike kitaishusha. Mchanganyiko wa mitishamba ulioitwa PC-SPES uliuzwa Marekani kwa sifa hizohizo. Mwaka 2002 uliondolewa sokoni baada ya kugundulika una dawa za viwandani zisizotajwa, ikiwemo warfarin, inayozuia damu kuganda. Anayewauzia unga usio na orodha ya vilivyomo anawauzia muda wa saratani kutoka nje ya tezi, na ikishafika kwenye mifupa, vikao 20 havitaiponya tena. Hata finasteride, dawa halali ya tezi iliyovimba, hupunguza PSA karibu nusu na kumdanganya daktari asiyeambiwa. Baba aache huo unga leo, na pakiti aje nayo kliniki.